Indomie imetoka Indonesia ikafika Kondele, siagi yangu ya njugu imekwama Jinja. Hawa wenzetu wanafanyaje?

#1 NjuguKondele (Kisumu)

Salamu wadau. Naomba mnijibu kwa uzito, maana pesa yangu imelala.

Natengeneza siagi ya njugu hapa Kondele, huu mwaka wa nne. Kisumu inaenda: maduka kumi na moja, shule mbili za chekechea, na kina mama wanaokuja mlangoni na mikebe yao. Mwaka huu nikasema nivuke mpaka. Nikapakia chupa 120 za gramu 400, kila moja na karatasi ya rangi imeandikwa SIAGI TAMU YA NJUGU, nikaziacha Jinja, Uganda, kwa maduka sita, walipe zikishauzwa. Nimerudi baada ya wiki tano. Zimeuzwa chupa 9. Nyingi mafuta yamepanda juu, upana wa vidole viwili, na mwenye duka mmoja akaniambia wateja wanaona kama imeharibika. Moja ilikuwa imefunguliwa, mtu amepitisha kidole juu, kisha akarudisha kifuniko.

Jana nimekaa kwa duka la jirani nikitazama rafu. Indomie, ya Indonesia. Kiwi ya viatu, ambayo ilianzia Australia. Simu za Tecno, za China. Wenye kampuni hizo hawajui njia ya kwenda soko la Kibuye hapa Kisumu, na bado mtoto wa darasa la pili anazitaja kwa majina. Mimi nina shangazi Jinja, naijua Jinja, nimeshindwa. Wao wanajua nini?

#2 ChakiNyeusi (Bungoma)

Ni jina, dada. Jina lisipokubali masikioni mwa wenyeji, bidhaa imekufa. Wamarekani walipeleka gari la Chevrolet Nova nchi za Kihispania, kumbe "no va" kwao ni "haliendi", likakosa wanunuzi. Kampuni ya Gerber nayo ilileta Afrika chakula cha watoto chenye picha ya mtoto kwenye chupa, watu wakakimbia, kwa sababu walizoea picha ya nje ndiyo inayoonyesha kilichomo ndani. Wewe umeandika Kiswahili. Mganda atakisoma vipi?

#3 LainiYaPili (Nakuru)

Mwalimu, hizo hadithi zote mbili zinazunguka tu. Nova iliuzwa vizuri Mexico na Venezuela. Mtu wa Kihispania akisikia jina hilo halikati vipande viwili, kama wewe ukisikia "barabara" hufikirii mabara mawili. Kampuni ya mafuta ya serikali ya Mexico yenyewe iliwahi kuuza petroli inayoitwa Nova.

Ya Gerber hakuna anayeitaja na nchi, mwaka wala duka. Na inaniudhi, maana inatufanya wajinga. Sisi tumekaangia mafuta ya Kasuku tangu utotoni, mkebe una picha ya ndege. Nani aliwahi kudhani anakula kasuku?

Ukitaka mfano wa kweli wa jina, chukua Mitsubishi Pajero. Kwenye nchi za Kihispania huitwa Montero, kwa sababu hilo la kwanza kwao ni tusi ambalo hapa sitaliandika.

#4 ChakiNyeusi (Bungoma)

Asante kwa kunisahihisha. Ya Gerber niliisoma chuoni na nimeifundisha madarasa mengi. Jumatatu nitawaambia wanafunzi.

Lakini kwenye jina sitoki. Coca-Cola walipoingia China, wenye maduka walikuwa wanajiandikia herufi zozote zinazokaribia sauti, nyingine zikatoa maana za ajabu. Mwaka 1928 kampuni ikasajili herufi zake, zinatamkwa "kekou kele", maana yake ni kama utamu na furaha mdomoni. Na Japani kuna KitKat. Ni chokoleti ya Kiingereza, ya 1935. Wajapani wakasikia "kitto katsu", yaani hakika utashinda, wakaanza kuwanunulia watoto wao wakati wa mitihani. Kampuni iliposikia hivyo ikaugeuza kuwa msimu wa kuuza kila mwaka. Hiyo ni kazi ya jina.

#5 MzeeWaRuti (Kisumu)

Binti yangu wa Kondele, wiki tano! Mimi nimeuza kwa gari miaka kumi na tisa, ruti ya Kisumu, Luanda, Mbale ya Vihiga hadi Kakamega. Kampuni ilikuwa ya wageni, sabuni na viungo vya mchuzi. Hakuna duka nililoliacha zaidi ya siku saba. Jumanne nikifika Luanda, kitu cha kwanza sikuuliza oda. Nilichukua kitambaa nikapangusa vumbi kwenye bidhaa zangu, nikazivuta mbele, za jirani yangu zikarudi nyuma. Iliyopasuka nilibeba, nikaacha nzima. Mwenye duka akijua wewe unarudi, atakuuzia hata kwa mteja aliyekuja kutafuta kingine. Akijua hurudi, anakuwekea juu kabisa karibu na dawa ya mende.

Hao wa Indonesia hawajui Kibuye, ni kweli. Lakini kuna kijana wa Kibuye wanayemlipa, na yeye anaijua.

Jambo la pili ni kipimo. Nilipoanza, sabuni ya mche ilikuwa ndefu kama mkono, na mama akitaka ya shilingi chache mwenye duka anamkatia kwa kisu. Wakubwa wetu walikuja siku moja kutembelea ruti, wakasimama pale Mbale wakatazama kile kisu kwa muda mrefu. Baada ya hapo tukaanza kuletewa vipande vidogo vimeshafungwa kiwandani. Wahindi walishafanya hivyo na shampuu ya pakiti, ya kuoga mara moja. Ndiyo hii leo watu wanaita kadogo, kuuza kwa vipimo vidogo. Chupa ya gramu 400 ni ya mtu wa mshahara.

#6 Mulembe_Luanda

Mulembe wote. Mzee, huenda nilikuwa nakuona, duka ni la mama yangu tangu zamani.

Naongeza rangi. Kampuni moja ya soda ilikuja ikatupaka duka zima bure, mbele na ubavuni. Tukafurahi sana. Ilipokauka, jina la kinywaji lilikuwa urefu wa mtu mzima, jina la mama liko pale juu ya mlango, unalisoma ukiwa umeshafika. Mpaka leo watu wakielekeza mgeni wanasema "shuka kwa ile duka nyekundu". Fikiria bei ya hilo tangazo: makopo ya rangi na fundi wa siku mbili, na limekaa miaka sita njia kuu ya Kisumu kwenda Busia.

Tecno walifanya hivyo hivyo kwa rangi yao ya samawati, kuta kwa kuta.

#7 LainiYaPili (Nakuru)

@Mulembe_Luanda rangi peke yake haingeuza Tecno. Wenyewe wanaitwa Transsion, wako Shenzhen, walianza 2006, na kwao China hawauzi karibu chochote. Walikuja wakatazama tunavyotumia simu. Mtu ana laini mbili au tatu kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, wakatoa simu ya laini mbili. Umeme unapotea, wakatoa betri ya kukaa siku nyingi. Kamera za wengine usiku zilikuwa zinatuonyesha macho na meno, wakarekebisha yao kwa ngozi yetu. Ethiopia wakajenga kiwanda na kuweka kibodi ya Kiamhari. Hapo jina halina kazi, mwalimu. "Tecno" si Kiswahili, si Kihausa, si chochote.

#8 DadaJinja

Nimeolewa Jinja, kwetu Vihiga. Nimeiona hiyo chupa! Ilikuwa kwa duka karibu na soko kuu, rafu ya juu, pembeni ya mishumaa. Niliisoma nikajua ni ya nyumbani, nikanunua. Kwa hivyo kwenye zile 9, moja ni yangu.

Dada, wacha nikuambie ukweli kwa upendo. Hapa njugu ni mboga. Mwanamke anaenda sokoni, anasimama mbele ya mashine, anaona njugu zake zikiingia na uji mzito ukitoka bado una joto, anafungiwa kwenye karatasi ya nailoni kiasi cha chakula cha jioni. Anaenda kupika binyebwa, mchuzi wa njugu wa kumwaga juu ya matoke. Wa mkate ni wachache. Wewe umemletea chupa ambayo hakuona ikisagwa, na juu yake umeandika "tamu". Hilo neno wengi wanalijua, na wanaelewa kuna sukari. Nani ataweka sukari kwenye mchuzi?

Na njugu unanunua wapi?

#9 NjuguKondele (Kisumu)

Sukari ipo, kijiko kwa chupa, na chumvi kidogo. Watoto wa Kisumu wanaipenda hivyo.

Njugu nanunua Busia, zile nyekundu ndogo. Za Ndhiwa nikizipata ni msimu tu. Hizo za Busia mama anayeniuzia huzitoa Soroti.

Mzee, kuhusu wiki tano sina la kujitetea. Nauli ndiyo ilinishinda.

#10 BodaBusia

Kwa hivyo njugu zimetoka Uganda, zikavuka kwangu Busia, zikasagwa Kondele, zikatiwa sukari, zikarudi tena kwangu Busia, zikaenda Uganda. Dada, hizo njugu zimesafiri kuliko mimi, na kila hatua kuna mtu wa kulipwa! Mwenye mashine pale Jinja hana gharama hiyo. Mimi nasema ni bei.

Na kwenye lugha kuna kitu hamjagusa. Wazee wa Uganda wengi wanakumbuka Kiswahili kama sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Katiba yao tangu 2005 inakiita lugha rasmi ya pili, vijana wanakiongea bila shida, lakini mama wa miaka sitini akiona Kiswahili kwenye chakula hakimpi raha. Wateja wangu wa upande ule husema wazi.

Forodhani ulipita vipi? Mzigo wa hadi dola 2,000 wa mfanyabiashara mdogo una fomu yake rahisi ya Afrika Mashariki pale mpakani, bora bidhaa iwe kwenye orodha yao na imetengenezwa kwetu. Usikubali mtu akuvushe kwa njia ya shamba.

#11 ViaziMolo

Nasoma hapa nikikumbuka Januari 2022. KFC, wale wa kuku wa kukaanga, wako Kenya tangu 2011. Siku hiyo wakatangaza viazi vya chipsi vimeisha kwa sababu meli imechelewa. Mimi nilikuwa na magunia ya viazi aina ya shangi yamekaa kwenye ghala hapa Molo, wanunuzi wanataka kuyachukua kwa bei ya kutupa. Nchi nzima ilipiga kelele, na ilikuwa haki yetu. Kampuni ikajibu kwamba wauzaji wake wote lazima wapitie ukaguzi wa ubora wa makao makuu, baadaye ikasema itatafuta viazi vya hapa.

Nimefikiria sana jambo hilo. Hao walijua kutuuzia: jina, rangi, kuku wa moto, muziki. Walichokosa ni kununua kwetu. China, ambako waliingia 1987, asubuhi wanauza uji wa mchele kwa sababu ndicho kifungua kinywa cha pale. Yaani wanajua kujifunza wakitaka.

Ila niseme na upande wetu. Shangi inachipuka haraka, wiki chache tu kwenye ghala ina macho. Kiwanda cha chipsi za kugandisha kinataka kiazi kirefu, kikavu, kinachokaa. Tukipanda shangi tu tutabaki na mama wa chipsi wa kando ya stendi, ambaye kwa kweli ndiye amenisomeshea watoto.

#12 ChakiNyeusi (Bungoma)

@BodaBusia umenisaidia. Narudi pale pale: jina na lugha.

#13 BodaBusia

Nilisema bei, mwalimu. Lugha ni nyongeza.

Na mkumbuke neno "boda boda" limezaliwa hapa kwetu, miaka ya sitini, baiskeli za kuvusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Leo Mhindi wa Bajaj anatuuzia Boxer yenye kiti kirefu na keria ngumu nyuma, kwa sababu aliona tunabeba watu wawili na gunia. Busia ndiyo ilimfundisha.

#14 LainiYaPili (Nakuru)

Kisumu watakuja kudai boda boda nayo sasa hivi, subiri.

Niongee la kwangu, maana nimekuwa wakala wa M-Pesa hapa Nakuru miaka mingi. Hii ni bidhaa yetu iliyokwenda nje, kwa hivyo tuitumie kupima maneno yote ya juu. Hapa ilizinduliwa 2007, na tangazo la kwanza lilisema kitu kimoja: tuma pesa nyumbani. Kila mtu aliye mjini ana nyumbani. Kabla ya hapo mimi nilikuwa namtumia mama kwa dereva wa matatu, bahasha imebandikwa gundi, na siku nyingine inafika imepungua. Tangazo lile lilinigusa mahali palipokuwa panauma.

Afrika Kusini waliipeleka 2010, kampuni kubwa, benki kubwa pembeni. 2016 wakafunga. India wakafunga 2019. Ni huduma ile ile. Lakini Johannesburg watu wengi walikuwa na akaunti na mashine ya benki iko barabarani, na usajili ulikuwa na masharti mengi. Jina nalo walibakiza M-Pesa ile ile, na "pesa" kwa Mzulu haina maana. Afghanistan walijua, wakaiita M-Paisa.

Tanzania 2008, ambako pesa ni pesa, jina liko sawa kabisa, bado ilianza polepole. Mwalimu utasema nini hapo?

#15 MzeeWaRuti (Kisumu)

Nitasema mimi: mawakala. Kenya ilikuwa na kibanda cha kijani kila kona kabla mtu hajajiuliza ni nini. Wewe mwenyewe ni mmoja wao, na hukujihesabu kwenye sababu.

Halafu kuna walioleta kila kitu wakashindwa hapa hapa. Choppies wa Botswana walinunua maduka makubwa ya kampuni ya Ukwala 2016, Kisumu wakiwemo. Hadi 2020 walikuwa wameondoka. Shoprite wa Afrika Kusini waliingia Nairobi 2018, nao hawakukaa. Wana pesa, wana magari, wana majina makubwa. Naivas waliotokea Rongai ya Nakuru wakabaki.

#16 ViaziMolo

Na Nakumatt ilitoka Nakuru! Nakuru Mattress, magodoro. Ilifika hadi Uganda, Tanzania na Rwanda ikiwa na yule tembo wake.

#17 Mulembe_Luanda

Ikaanguka pia, ndugu wa Molo.

#18 ViaziMolo

Kwa madeni. Kampala watu walikuwa wanaingia, rafu ndizo zilikuwa tupu kwa sababu wauzaji hawajalipwa. Hilo ni shimo lingine kabisa, usiliweke kwenye kapu hili.

#19 MuuguziKK (Kakamega)

Nimesoma yote. Naomba niwatulize kidogo kwenye kuwasifu hawa wa nje, kwamba wanajua kutazama maisha ya watu. Kuna waliotazama vizuri mno.

Miaka ya zamani kampuni za maziwa ya unga ya watoto ziliwatuma wauzaji kwenye hospitali za nchi maskini wamevaa nguo nyeupe kama wauguzi. Mama amejifungua jana, anaona nguo nyeupe, anaamini. Anapewa mkebe wa bure. Ukiisha, maziwa yake mwenyewe yamekauka, na mkebe wa pili ni wa pesa. Anaongeza maji ili ufike mwisho wa mwezi, na maji yenyewe ni ya mto. Nestlé ya Uswisi ilianza kususiwa Marekani 1977, na 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha kanuni za kuzuia unadi wa aina hiyo. Kenya tulipata sheria yetu 2012. Mimi bado nakutana na bibi anayeamini mtoto wa mkebe ndiye mtoto wa watu wenye uwezo. Tangazo lilishakufa, mawazo yamebaki.

Dada wa njugu, na wewe unalisha watoto. 2019 KEBS, shirika letu la viwango, ilisimamisha chapa kadhaa za siagi ya njugu kwa sababu ya sumukuvu, ile aflatoksini. Njugu za kununua mpakani unazipima? Mwanamke wa Jinja anayesimama mbele ya mashine anachagua kwa macho yake, anatoa iliyokunjamana na yenye ukungu. Huenda hilo ndilo alilolikosa kwenye chupa yako.

#20 NjuguKondele (Kisumu)

Dada muuguzi, asante. Napima kila shehena mpya, karatasi ninazo, na alama ya KEBS iko kwenye chupa. Kuchagua tunachagua kwa mkono, mimi na wasichana wawili, tumekaa na ungo tangu saa moja asubuhi. Gunia moja linatutolea karibu debe la kutupa. Sikuwahi kufikiri kwamba kazi hiyo ndiyo ningeionyesha watu. Nimeifunika kwa karatasi ya rangi.

#21 MajaniKericho

Nachelewa, poleni. Mnaongea kana kwamba lazima uuze kwa jina lako. Sisi huku tunachuma chai, inapigwa mnada Mombasa, Pakistan ndiye mnunuzi mkubwa kuliko wote, na ikifika huko inachanganywa na kuuzwa kwa jina la mwingine. Kazi ya kunadi nje hatuifanyi, na pesa ya kunadi hatuioni. Nakuru waulizwe pareto. Ulimwengu mzima uliua mbu kwa maua ya Kenya, nani aliijua kwa jina? Tasmania walipolima yao vizuri, wanunuzi walihama bila kugeuka nyuma, maana hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kusema "nataka ya Nakuru".

Kwa hiyo dada usiondoe jina lako, hata kama ni kwa Kiswahili.

#22 DadaJinja

Mimi nasema aondoe "tamu", jina lingine abaki nalo. Sukari nayo atoe.

#23 MzeeWaRuti (Kisumu)

Pakiti ndogo kwanza. Gramu 50. Na Jumanne kwa Jumanne.

#24 BodaBusia

Bei bado hamjaijibu. Kama njugu ni za Soroti, kwa nini asisagie Uganda upande ule ule?

#25 NjuguKondele (Kisumu)

Kwa sababu wasichana wangu wako Kondele, ndugu yangu, na wana watoto.

Alhamisi navuka tena. Nimetengeneza pakiti 60 za gramu 50, hazina sukari, hazina chumvi, na ndoo moja ya njugu mbichi zilizochaguliwa nikae nayo hapo sokoni watu wazione. DadaJinja, kuna mtu wa mashine anayeweza kunipa nafasi pembeni yake kwa siku moja?

#26 DadaJinja

Yupo, mama mmoja mzee, ni mkali kidogo. Njoo na leso, ukae chini kama sisi. Ukifika stendi nitumie ujumbe.

#27 ChakiNyeusi (Bungoma)

Na juu ya pakiti umeandika nini?

#28 NjuguKondele (Kisumu)

Bado hazina karatasi, mwalimu. Nimeziacha wazi mpaka nirudi.